Wino mwekundu ulipokwisha

Ijumaa, tarehe 9 Februari 1973, kabla ya saa nne asubuhi, Kasongo alikufa kwenye sakafu ya dispanseri yetu ya kambi ya wafanyakazi wa mgodi, hapa Kolwezi. Alikuwa fundi wa mabomba, mwenye mke na watoto watatu. Kilichomuua ni kidonge kimoja cha aspirini, na aliyempa kidonge hicho ni mimi. Mjane wake, Mama Ngoie, alihamia na watoto kwa shemeji yake, mita mia mbili kutoka dirisha letu. Kwa miaka ishirini hakupokea dawa yoyote kutoka mkononi mwangu. Naanza na jambo hili ili msomaji asifike katikati akadhani nilikuwa nimelificha.

Sasa nimestaafu. Vijana niliowaacha dispanseri wameniomba niandike niliyoyaona kazini. Mishahara na vyeo naviacha: vyeo vilikuwa viwili tu, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika kuhusu dawa za maumivu, zile ambazo kila mtu anazinunua sokoni bila kuuliza, kwa sababu hizo ndizo zilizonifundisha kazi.

Niliingia kazini mwaka 1971. Nilikuwa na shule ya msingi na mwaka mmoja wa mafunzo ya msaidizi wa muuguzi, basi. Mkuu wa dispanseri alikuwa mzee tuliyemwita Tata, yaani baba: Tata Mukendi, mtu wa Kasai, mfupi, mwenye magoti mabovu na masikio makali. Asubuhi ya kwanza hakunionyesha mlango wala kabati. Aliweka vidonge vitano vyeupe kwenye sahani ya chuma akaniambia:

"Mwepu, nionyeshe aspirini iko wapi."

Nilivitazama. Vyote vilikuwa vya mviringo, vyote vyeupe. Nikagusa kimoja.

"Hiyo ni ya minyoo," alisema. "Umeshaua mutu wa kwanza, na saa mbili haiyafika."

Wagonjwa waliokuwa kwenye foleni walicheka sana. Mimi pia nilicheka, kwa aibu. Siku hiyo nzima sikumhudumia mtu. Nilikaa na sahani ile. Nilijifunza mstari unaokata kidonge katikati, ukali wa ukingo, jinsi kinavyovunjika. Nilijifunza kwamba aspirini iliyozeeka inanuka siki. Ukifungua kopo ukasikia siki, litupe. Jioni Tata Mukendi alichanganya vidonge upya, nikavitenga vyote vitano bila kukosea. Akasema, "Kesho utavitenga na macho imefungwa," na kweli kesho yake alinifunga macho kwa kitambaa cha bandeji.

Somo la pili lilikuwa juu ya watu wanaokataliwa na dawa. Tata Mukendi alisema aspirini inashusha homa ya watu mia, halafu anakuja mmoja ambaye mwili wake unaiona kama adui. Anaanza kuwashwa viganja na nyayo. Ngozi inatoka mabaka yaliyoinuka. Midomo na kope zinavimba, sauti inakauka, kifua kinafunga, halafu presha inaanguka. Inaweza kuchukua dakika chache tu. Alinifundisha kuwatazama kwa makini wenye pumu, na wale ambao pua zao zimeziba mwaka mzima, maana kati yao wapo wengi wasiovumilia aspirini. Na alisema mtu anaweza kuinywa miaka kumi bila shida, mwaka wa kumi na moja ikamgeuka.

Kila mgonjwa wa namna hiyo alikuwa na mstari mwekundu juu ya fishi yake, yaani ile karatasi ngumu ya mgonjwa tuliyoitunza kwenye droo. Tata Mukendi aliandika jina la dawa kwa wino mwekundu, akapiga mistari miwili chini yake. Hakuna kitu kingine kilichoandikwa kwa wino ule. Aliniambia siku ya kwanza, na akarudia kila wiki: onyo ni jekundu au si onyo. Nililishika neno hilo kwa moyo wote, na hapo ndipo ubaya ulipoingilia.

Kulikuwa na desturi nyingine. Kidonge cha kwanza kilimezwa palepale dirishani, mbele ya muuguzi, kwa maji ya kikombe kilichofungwa mnyororo. Wakubwa wa kambi waliiweka kwa sababu watu walikuwa wakipeleka dawa sokoni Dilala badala ya kuzinywa. Sisi wauguzi tuliifuata. Mgonjwa alipanua mdomo, tukaona ulimi mtupu, tukamwita anayefuata.

Mwaka 1972 tuliambiwa na serikali tuache majina ya ubatizo. Mimi niliyekuwa Gaston nikawa Mwepu peke yake, na hilo halikuniuma. Kazini tulianza kuitana sitwayen, yaani raia, isipokuwa Tata Mukendi, ambaye alibaki Tata kwa kila mtu. Lakini dispanseri ilikuwa na fishi za kambi nzima, na karibu zote zilikuwa na jina la mtakatifu. Amri ilikuja ziandikwe upya na za zamani zichomwe. Tata Mukendi alinikabidhi kazi hiyo kwa sababu mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilifurahi. Nilikaa na droo zile kwa wiki kadhaa, nikinakili jina jipya, namba ya kazi, chanjo, magonjwa.

Wino mwekundu ulikwisha nikiwa katikati.

Tuliomba mwingine, tukaambiwa tusubiri. Hapa nitaeleza kosa langu jinsi lilivyo. Ningeweza kuandika onyo kwa bluu. Ningeweza kuandika kwa penseli. Lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba onyo ni jekundu, na nilitaka kazi yangu iwe safi. Basi kila nilipokuta fishi yenye mstari mwekundu, nilinakili mengine yote, nikaiacha nafasi ya juu wazi, na nikaiweka fishi mpya kando, kwenye rundo dogo, ili niijaze wino utakapofika. Alasiri moja tuliletewa majeruhi wawili kwa pamoja, meza ikahitajika. Nikalikamata rundo, nikalirudisha kwenye droo kwa mpangilio wa herufi, nikijiambia nitazikumbuka. Karatasi za zamani zilichomwa kwenye pipa nyuma ya dispanseri wiki hiyohiyo. Mimi ndiye niliyeshika kiberiti.

Wino ulifika baada ya mwezi. Nilizijaza zile nilizozikumbuka. Ya Kasongo sikuikumbuka.

Asubuhi ile ya Februari Tata Mukendi hakuwepo. Alikuwa ameitwa uwanjani, kama wakuu wote wa huduma, kujifunza nyimbo na ngoma za kupokea wageni. Magoti yake yalikuwa mabovu kama nilivyosema, lakini mwito ulikuwa mwito. Alikwenda na shati la kazini, na mfukoni mwa shati kulikuwa na ufunguo wa kabati la dawa za sindano.

Kasongo alikuja akiwa amefunga kitambaa chini ya kidevu. Alikuwa akifanya kazi kwenye mabomba yanayopeleka matope ya mtambo Kingamyambo, na jino lilikuwa limemnyima usingizi siku tatu. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Daktari wa meno angekuja Jumatatu. Nilivuta fishi yake, nikaisoma, nikachukua kidonge.

Alikishika kwenye kiganja bila kukipeleka mdomoni.

"Sitwayen munganga, hii kinini ni ile nyeupe?" Kinini ndivyo tulivyoita kila kidonge, cha ugonjwa wowote, na munganga kila mtoa dawa.

"Nyeupe gani, tata?"

"Ile ya mbele, ya zamani. Ilinivimbisha midomo. Munganga ya zamani aliandika."

Nilitazama fishi tena. Juu palikuwa patupu.

"Karatasi yako ni safi, tata. Na kinini zote ni nyeupe. Unataka nikupakie rangi?"

Foleni ilicheka. Mama mmoja akasema, "Mupakie ya kijani, sitwayen, rangi ya bendera!" Wakacheka zaidi. Kasongo alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, upande usiouma. Akaweka kidonge ulimini, akanywa maji, akanionyesha ulimi.

Hakufika mbali. Alikaa kwenye ngazi ya nje, na baada ya dakika chache akarudi akijikuna viganja. Nilipoona midomo nilijua. Nilimlaza. Sauti yake ilikuwa imeshakauka, na kifua kilipiga mluzi. Adrenalini ilikuwa kabatini, kabati lilikuwa limefungwa, ufunguo ulikuwa uwanjani unacheza ngoma. Nilituma mtu akimbie. Nilivunja kioo cha kabati kwa chuma cha kuning'inizia dripu. Nyuma ya kioo kulikuwa na wavu, nikaupiga mpaka ukaachia. Sindano ya kioo ilikuwa haijachemshwa. Niliichoma vilevile, pajani, nusu ya ampuli, kisha nusu nyingine. Nilichelewa. Mikono yangu ilikuwa na damu ya vioo, na damu hiyo ilibaki kwenye shati lake.

Tata Mukendi alifika akichechemea, jasho usoni. Alimfumba Kasongo macho. Halafu akachukua fishi, akaitazama juu, akanitazama mimi. Nilimweleza kila kitu: wino, rundo, meza, pipa. Nadhani angeweza kutojua kamwe. Karatasi ya zamani ilikuwa majivu, na hakuna mwingine aliyeona lile rundo. Sikusema kwa sababu ya ushujaa. Kinywa kilifunguka tu.

Aliiweka fishi mezani. Kisha akasema, "Wewe wino, mi ufunguo. Tutaenda pamoja."

Tulikwenda msibani jioni hiyo, kabla hata mabenchi hayajatosha. Kaka yake Kasongo, yule shemeji niliyemtaja, alitupokea mlangoni kwa heshima, akidhani tumeleta pole. Mama Ngoie alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake wa kanisa. Tata Mukendi alisema, "Tulikuya kusema ya kweli, mbele batu bengine babaambie bongo." Alitaka wausikie ukweli kwetu kabla wengine hawajawaambia uongo. Akanisukuma mgongoni kidogo.

Nilisema. Nilipofika kwenye rundo la fishi, kaka mtu alinishika shati.

"Karatasi! Mutu anakufa juu ya karatasi?"

"Mwache," alisema Mama Ngoie. Hakuinua sauti. Aliniuliza, "Alikuuliza?"

"Ndiyo, mama. Alisema ile nyeupe ilimuvimbisha midomo."

"Na wewe ulimujibu nini?"

"Nilimujibu zote ni nyeupe."

"Batu balicheka?"

"Balicheka, mama."

"Na wewe?"

"Na mi nilicheka."

Alivuta kitenge kichwani. Tulisikia wanawake wakinung'unika. Baadaye akasema kutoka ndani ya kitenge, polepole:

"Alikuwa mutu ya haya. Hata mi nyumbani alikuwa ananiuliza kitu mara moja tu. Kukuuliza pale, mbele ya batu bote, ilikuwa kwake kazi kubwa. Mara ya pili hangeweza." Akaonyesha mkeka kwa mkono. "Kaeni, mukule. Lakini dawa yako, kijana, mi sitakunywa. Batoto yangu pia."

Tulikaa siku zote za msiba. Nilichota maji, nilipasua kuni. Hakuna aliyenifukuza na hakuna aliyenizungumzisha. Kazini nilipewa barua ya onyo. Bado ninayo, na kila kilichoandikwa humo ni kweli.

Jumatatu baada ya maziko Tata Mukendi alileta bisibisi kutoka nyumbani, akaitoa kufuli ya kabati, skrubu moja baada ya nyingine. Matundu manne yalibaki kwenye mbao na yapo mpaka leo. Kila mkaguzi aliyekuja aliandika kwamba kabati halina kufuli, na kila mwaka tulijibu kwamba tumeona. Adrenalini haikurudi kabatini kabisa. Iliwekwa kwenye kisanduku cha bati chini ya dirisha, pamoja na sindano iliyochemshwa asubuhi na kufunikwa. Asiyechemsha sindano kabla ya kufungua dirisha hakuruhusiwa kufungua dirisha.

Mimi nilichukua daftari na kalamu nikaanza kupita nyumba kwa nyumba, jioni baada ya kazi, kambi yote. Niliuliza swali moja: ni dawa gani ilishawahi kukufanyia vibaya, hata kidogo? Wengine walinifukuza, kwa kuwa habari ilikuwa imeenea. Wengi walijibu. Niliwapata watu wanne waliokuwa na onyo kwenye fishi za zamani na hawana kwenye mpya. Wanne, mbali na Kasongo. Mmoja alikuwa mama mjamzito aliyekuwa aje dirishani kesho yake kwa ajili ya kichwa. Niliandika kwa bluu, hapohapo, nimesimama. Tangu siku ile nimeandika onyo kwa bluu, nyeusi, penseli, na mara moja kwa mkaa wa jiko. Ninyi mnaosoma, rangi isiwashughulishe.

Nilipita nyumba zote isipokuwa moja. Kwa shemeji wa Mama Ngoie nilisimama kwenye ua, nikageuka.

Katika miaka iliyofuata nilimwona Mama Ngoie mara nyingi akipita mbele ya dirisha. Alikuwa akiwapeleka watoto dispanseri nyingine, upande wa Dilala, mwendo wa zaidi ya nusu saa. Siku moja ya mvua alipita na mtoto mgongoni, na mtoto alikuwa na homa. Nilijua kwa namna kichwa kilivyolegea. Niliinuka. Tata Mukendi akaniambia, "Kaa. Ukimuita utamuongezea kazi." Akachukua mwavuli, akatoka yeye mwenyewe na magoti yake, akampokea mtoto, na wakaenda wote mpaka Dilala. Aliporudi nguo zilikuwa zinachuruzika. Hakusema walizungumza nini na sikuuliza.

Kazi ikaendelea, na naweza kusema bila kujisifu kwamba niliijua. Nilikuwa na maswali yangu, na niliyauliza kwa kila mtu, hata kwa mtu niliyekuwa nimemhudumia jana. Jina lako? Kuna dawa iliyokudhuru? Una pumu, au pua inayoziba daima? Leo umeshakunywa nini? Watu walinicheka. Waliniita Munganga Maulizo. Mzee mmoja alikuwa akinijibu kabla sijafungua mdomo: "Jina ni lile lile, pumu hakuna, pua iko sawa, nilikunywa chai. Sasa leta." Nilimwacha acheke. Aliyekuja kwangu kwa mara ya kwanza na dawa mpya alikaa nusu saa kwenye benchi mbele ya dirisha, nikimwona. Na ile desturi ya kumeza mbele ya muuguzi tuliiacha kimyakimya. Mtu akitaka kuipeleka dawa nyumbani akaifikirie, aifikirie.

Nitasimulia kisa kimoja tu, kwa sababu ndicho kinachowapata wengi wenu. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni. Tata Ramazani, msafirishaji aliyetoka mashariki, alikuwa na lori la kupeleka bidhaa Lubudi. Aliletwa na tanboi wake, yaani utingo wa lori, uso umevimba, macho yamebaki mistari miwili.

"Ulikunywa aspirini?" nilimuuliza huku mkono uko kwenye kisanduku.

"Hapana! Mi najua aspirini ni mubaya kwangu. Hata bibi yangu anajua!"

"Ulikunywa nini?"

"Unga tu. Unga ya kichwa, ya ku soko."

Nilimchoma sindano kupita kwenye suruali. Nikamlaza, miguu juu ya kiti. Tanboi alinipa ile pakiti. Ilikuwa na picha ya mtu anayetabasamu, na chini, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, jina lile refu la Kifaransa la aspirini. Ndani ya unga wa kichwa, ndani ya vidonge vya mafua, ndani ya dawa za jino, aspirini inakaa kwa jina lake la shule, na mnunuzi anajua jina lake la nyumbani tu. Someni pakiti. Kama haina pakiti, msimpe mtu.

Baada ya robo saa uso wa Tata Ramazani ulianza kurudi. Alipopata sauti, neno lake la kwanza lilikuwa, "Munganga, ulitoboa suruali ya mupya!"

"Suruali itapona, tata."

"Suruali ilitoka Lubumbashi!"

"Na wewe ungeenda wapi?"

Hapo akacheka hadi akakohoa. Alitaka kuondoka. Nilimzuia mpaka jioni, kwa kuwa uvimbe unaweza kurudi baada ya saa kadhaa, wakati mtu yuko barabarani na hakuna wa kumsaidia. Nilimwandikia kwenye kipande cha kartoni majina yote ambayo aspirini hujifichia, na chini yake majina ya dawa nyingine za jamii yake ambazo asizijaribu bila daktari. Alikibandika ndani ya lori, karibu na usukani. Miaka mingi baadaye nilikiona bado kipo, kimekuwa rangi ya chai.

Vita vya 1978 sivielezi hapa. Kila nyumba ya Kolwezi ina simulizi yake. Tata Mukendi alistaafu baada ya hapo, akabaki jirani yetu, akija kila Ijumaa kutazama kama sindano imechemshwa. Mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa huku kwetu, alingoja treni siku nyingi kituoni na familia yake, juu ya masanduku. Nilimpelekea unga na dawa za magoti. Alikishika kidonge, akakinusa, akasema, "Haina siki." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Barua ilikuja baadaye kwamba alifariki muda mfupi baada ya kushuka kwenye treni. Namlilia bado, kwa utaratibu wangu, bila kelele.

Mwaka uleule dispanseri ya upande wa Dilala iliishiwa dawa. Sisi tulikuwa nazo chache. Nilikuwa nimebakiza wiki tatu za kazi.

Asubuhi moja niliinua macho nikamwona Mama Ngoie kwenye foleni. Alikuwa wa sita. Nywele zilikuwa nyeupe mbele ya kilemba na alisimama akiegemea upande wa kulia. Niliwahudumia watano waliomtangulia kama kawaida. Sijui kama niliwahudumia vizuri. Naamini hivyo, kwa kuwa niliwauliza maswali yote.

Alifika dirishani.

"Jina, mama?"

"Unanijua."

"Nakujua, mama. Lakini nauliza kila mutu."

"Ngoie."

Hakuwa na fishi kwetu. Nilichukua mpya, nikaandika.

"Kuko dawa ilikudhuru mbele?"

Alinitazama moja kwa moja. "Iko moja ilinidhuru sana. Lakini si mi nilikunywa."

Sikuwa na nafasi ya kuandika jibu kama hilo. Niliandika kama alivyosema, juu kabisa, kwa kalamu niliyokuwa nayo. Ilikuwa ya bluu. Nikalipigia jibu hilo mistari miwili chini. Yeye alifuata mkono wangu kwa macho mpaka nikamaliza.

"Una pumu? Pua inaziba?"

"Hapana. Ni magoti. Usiku silali."

"Leo ulikunywa nini?"

"Maji."

Nilitoa parasetamoli. Nilimwambia jina lake mara mbili, nikamwambia si aspirini wala si ya jamii ya aspirini, na kwamba anaweza kwenda nayo nyumbani akaifikirie. Alikishika kidonge kwenye kiganja, kama alivyoshika mumewe.

"Ni nyeupe," alisema.

"Ni nyeupe, mama."

Hakuna aliyecheka. Aliomba kikombe. Alikunywa, na ingawa desturi ile tulikuwa tumeiacha zamani, alifungua mdomo akanionyesha ulimi.

Nilimwomba mwenzangu ashike dirisha. Nikachukua kisanduku cha bati, nikatoka nje, nikakaa naye kwenye benchi, kisanduku katikati yetu. Tulitazama watu wakipita. Alinieleza kwamba mtoto wake wa mwisho, yule wa siku ya mvua, anafundisha shule Lubudi. Nilimwambia kwamba siku ile nilimwona. Alisema anajua, Tata Mukendi alimwambia njiani. Nikawa namtazama midomo na viganja.

"Nusu saa inapita?" aliuliza.

Niliangalia saa; dakika thelathini zilikuwa zimetimia. "Inapita, mama."

Alisimama kwa kusukuma benchi, akafunga kitenge upya, akachukua pakiti ya vidonge vilivyobaki, akaenda upande wa nyumba yake. Nilirudisha kisanduku chini ya dirisha. Aliyefuata alikuwa mzee mwenye kikohozi. Nikamuuliza jina.